Tabo ya Tatu

Siku zile tatu sikukaa kwenye kiti zaidi ya muda wa kumenya ndizi mbili. Nilitoka nyumbani, nikavuka barabara ya malori, nikafika gereji, nikatazama, nikarudi. Kabla maji hayajachemka jikoni nilikuwa njiani tena. Nina miaka sabini na nne na goti la kushoto halinitii, lakini wiki ile hata goti lilisahau kuuma.

Sababu ni neno nililolitoa Jumapili, baada ya ibada, mbele ya watu wa jumuiya yetu hapa Kasulo. Nilisema hivi: pikapu yangu imeua tabo mbili mikononi mwa fundi Nyandwi. Namnunulia ya tatu. Hii nayo ikifa, Nyandwi afungashe vyuma vyake aondoke kwenye kiwanja changu.

Hakuna aliyenisukuma kusema. Nilisema kwa mdomo wangu, na watu wa Kasulo wanajua Mama Jovitus akisema ndiyo, panda mbegu. Akisema hapana, geuza jembe urudi nyumbani. Sijawahi kutoa neno nikalirudisha. Nyandwi alikuwa amesimama karibu na mlango wa kanisa, kofia mkononi. Aliitikia tu, "Ego, Mama," yaani ndiyo, kama mtu aliyetumwa chumvi.

Kwa wasioijua tabo, niieleze kama nilivyoelezwa. Ni chuma chenye umbo la konokono, kimefungwa ubavuni mwa injini. Ndani yake mna mapangaboi mawili madogo kwenye mhimili mmoja. Moshi wa injini ukitoka kwa nguvu unazungusha la kwanza, na la pili linasukuma hewa kurudi ndani ya injini, gari linapata pumzi ya kupanda. Bila tabo, pikapu yenye magunia kumi ya maharage kutoka Murusagamba inapanda mlima kama mbuzi anayevutwa kwa kamba. Basi mhimili ule unazunguka kasi ambayo jicho haliioni, na chuma kinapata moto hadi kuwa chekundu. Kinachouokoa usiungue ni oili, na oili hiyo inaletwa na paipu moja tu, nyembamba kama kidole changu cha mwisho. Paipu ile ikiziba, tabo inapiga mluzi siku mbili tatu, inatoa moshi wa buluu, kisha inakufa.

Sasa Nyandwi. Yeye ndiye ninayetaka ajulikane.

Mama yake, Generoza, alivuka kutoka Burundi mwaka sabini na mbili, akiwa na watoto wawili mgongoni na mkononi. Mimi nilikuwa mke mpya wa Laurian kule Murusagamba, nina miaka ishirini na moja, nimemaliza darasa la saba na najiona msomi. Generoza alinikuta nalima maharage, akashika jembe lililokuwa limelala kwenye mfereji, akalima mstari wa pili bila kuulizwa wala kuuliza. Jua lilipokuwa kichwani ndipo akaniambia jina lake. Tulilima naye misimu minne. Akazaa hapo wengine watano, na wa saba akapewa jina la wa saba, kama desturi yao ilivyo. Ndiye Nyandwi, na nilimbeba akiwa na siku nane. Kwa hiyo mtu akimwita mgeni mbele yangu, namuuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi siku hiyo.

Alipokuwa na miaka ishirini hivi alikwenda Biharamulo, akafundishwa ufundi na mzee mmoja Mwislamu aliyekuwa na gereji ndogo nyuma ya soko. Alikaa kwake miaka sita. Mzee yule alikuwa na kanuni, sikio kwanza, spana baadaye. Nyandwi akairudisha huku. Gari likiletwa, hagusi kitu. Anasema, "Liwashe," halafu anazunguka polepole, kichwa kimeinama, kama daktari. Ukimsemesha wakati huo hakujibu. Boliti akizitoa anazipanga kwenye gunia kwa mpangilio uleule zilivyokaa kwenye injini, na ole wako ukanyage gunia hilo. Hanywi kahawa wala hapendi utani akiwa kazini. Akishamaliza anaosha mikono kwa majivu na limau na anakuwa mtu mwingine, mcheshi, anaimba.

Laurian alipofariki, mwaka elfu mbili na tisa, Nyandwi alikuja na Selestina, mke wake, wakanichimbia shimo la choo ambalo mume wangu alikuwa ameliacha nusu. Sikuwa nimewaomba. Nikamwambia, "Kile kiwanja cha ng'ambo ya barabara, weka gereji yako pale." Hatukuandika chochote. Neno langu lilitosha.

Sasa rudini pale gereji. Siku ya kwanza, Jumatano, aliitoa tabo ya pili, ile iliyokufa. Akashika mhimili wake kwa vidole viwili, akautikisa, ukacheza kama jino la mtoto wa miaka sita. Akaiweka kando. Siku ya pili akafungua paipu ya oili, akaishika juu akaitazama kuelekea juani, jicho moja amelifumba.

Ansbert alikuwepo. Huyu ana Fuso ya kubeba ndizi, na hana kazi nyingine siku Fuso ikiwa imelala ila kukaa gereji na kuonja maneno.

"Mama Jovitus, shikamoo."

"Marahaba, Ansbert."

"Naona Mrundi wako leo anatazama nyota mchana."

"Mrundi wangu nani? Huyu kazaliwa Murusagamba mimi nikiwa mlangoni. Wewe siku unazaliwa baba yako alikuwa kilabuni, mpaka leo hana hakika ni Jumanne au Jumatano."

Watu wakacheka. Ansbert naye akacheka, hana haya. Nyandwi peke yake hakucheka. Aliibana paipu kwenye meno ya jiriwa iliyofungwa mezani, akachukua msumeno wa chuma.

"Unafanya nini?" nikauliza.

"Naikata, Mama."

"Unakata paipu nzima ya gari?"

"Siyo nzima."

Akaikata kwa urefu, taratibu, hadi ikafunguka kama ganda la maharage. Nikasogea. Ndani palipaswa kuwa na njia ya oili, na kweli njia ilikuwepo, ila ilikuwa imebaki tundu la kupita sindano. Pembeni pote palikuwa na makaa meusi, magumu. Aliyaparua kwa ncha ya kisu yakaanguka kama masizi ya sufuria. Nikakumbuka mrija wa pombe ya mtama ambao mtu amesahau kuufunga chujio: unavuta, unavuta, mashavu yanaingia ndani, hupati kitu.

Nyandwi alinyanyuka akatugeukia wote.

"Kosa ni langu," alisema. "Tabo ya kwanza ilipokufa, niliisafisha paipu hii kwa kuipuliza na kompresa. Nilisikia hewa inapita nikasema iko safi. Hewa ni nyepesi, inapita hata palipoziba. Oili ya baridi asubuhi haipiti. Ningeikata siku ile, tabo ya pili isingekufa. Mama, nisamehe."

Ningekuwa mtu wa kutulia, ningeuliza makaa yale yametoka wapi. Lakini sikuwa nimetulia, na neno la Jumapili lilikuwa linanichoma mgongoni, maana Ansbert na wenzake walikuwa wananitazama waone kama Mama Jovitus ni yuleyule.

"Umejihukumu mwenyewe," nikasema. "Funga hiyo ya tatu, uifunge vizuri. Ukimaliza, ondoka. Sisubiri tena ife au isife."

Nyandwi alitazama paipu iliyokatwa, akatazama mikono yake.

"Ego, Mama."

Nikavuka barabara nikarudi nyumbani. Nilichambua mchele uliokwisha kuchambuliwa. Nilifagia uwanja mara mbili. Nilitaka kujisikia nimefanya jambo la haki, na mtu aliyefanya haki hukaa chini akapumzika. Mimi nilikuwa nahesabu malori.

Siku ya tatu, Ijumaa, nilifika mapema nikidhani nitamkuta anafunga haraka haraka, kama mtu aliyefukuzwa. Ningekuwa mimi, ningekaza boliti mbili na kusahau ya tatu. Yeye alikuwa ameketi kwenye kopo la rangi, anasugua kwa brashi ndogo tundu la boliti ya paipu. Boliti ile haiko kama nyingine, imetobolewa katikati na ubavuni ili oili ipite ndani yake, na tundu lenyewe ni dogo kama la kishikizo cha shati. Alisugua, akamimina dizeli, akatazama juani, akasugua tena. Paipu mpya ilikuwa tayari, ameileta kutoka Ngara mjini kwa pikipiki.

"Paka gundi nyekundu tu, mambo yaishe," Ansbert akamwambia. "Oili haitavuja kamwe."

"Gundi haikaribii hapa," Nyandwi akajibu bila kuinua kichwa. "Chembe moja ikikatika inaingia kwenye tundu, na tabo inazikwa Jumatatu. Hapa ni ringi ya shaba chini, ringi ya shaba juu, mpya zote mbili, basi."

Akafunga upande wa injini kwanza. Akaiweka tabo, akachukua kikombe cha oili safi akaimimina polepole kwenye mdomo wake wa juu huku kidole kinazungusha pangaboi, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji. Alipoona oili imeenea, akaacha upande wa juu wa paipu bila kuufunga, akaweka kikombe kitupu chini yake. Akachomoa waya unaoruhusu dizeli kwenda, ili injini izunguke isiwake.

"Jovitus, piga stata. Usiache mpaka niseme."

Jovitus ni mwanangu wa mwisho, ndiye dereva. Akapiga. Injini ikawa inazunguka inalalamika, kru kru kru. Kikombe kikavu. Akapumzisha, akapiga tena. Kikavu. Nilijikuta nimeshika ukingo wa pikapu kwa mikono miwili, sijui nilikuwa namuombea nani. Mara ya tatu paipu ikatema povu, ikatema tena, halafu oili ikaja, nyembamba, ya moja kwa moja, haikatiki. Nyandwi akaiacha ijae nusu kikombe. Akaifunga paipu juu, ringi mbili za shaba, akakaza kwa spana ndogo, pumzi ameishika. Akarudisha waya.

"Sasa washa. Usikanyage mafuta. Iache inong'one."

Ikanong'ona. Akainamisha kichwa, sikio kwanza. Alikaa hivyo kama dakika tano nzima, kisha akasimama akafuta mikono.

"Mama, tuipeleke mlimani ikiwa na mzigo. Sitaki kuondoka kabla sijaisikia na mzigo."

Nilikuwa na magunia kumi ya maharage Murusagamba yanasubiri. Nikasema twende, na mimi nakuja. Jovitus akaguna kidogo, lakini huyo anajua kunijibu ni kupoteza muda.

Kwenda aliendesha Nyandwi. Barabara ile mnaijua, vumbi na makorongo, kupanda na kushuka. Niliona kitu kilichoniudhi: kwenye kila mteremko aliacha injini inawaka mpaka chini. Nilifungua mdomo, nikaufunga. Nikasema moyoni, ni siku yake ya mwisho, acha achezee dizeli yangu.

Kurudi akashika usukani Jovitus. Nyandwi akakaa katikati, mimi mlangoni. Magunia kumi nyuma. Tulifika kwenye Mlima wa Padri, tunaouita hivyo kwa sababu padri mmoja aliwahi kuushuka na pikipiki isiyo na breki, akasali rozari nzima kabla ya kufika chini. Pikapu ikaupanda. Nasema ukweli, ilipanda kama ilivyokuwa siku Laurian anainunua. Nilisikia ile sauti nyembamba ya tabo, safi, haina mluzi. Nikatazama nje ya dirisha ili Nyandwi asinione uso.

Tukafika juu kabisa, pale barabara inapolala kabla ya kuanza kushuka. Nikasema, kama nilivyosema pale kila safari tangu mwaka ambao gari hili lilikuja:

"Zima."

Maana kanuni yangu ilikuwa hiyo. Kupanda ni kwa dizeli, kushuka ni bure. Ukifika kileleni unazima injini, unaacha gari liserereke lenyewe hadi darajani. Usukani unakuwa mgumu na breki inataka mguu wa mwanamume, lakini dizeli inabaki kwenye tangi. Laurian nilimfundisha mimi, na Jovitus nilimfundisha mimi. Madereva wengi wa milima hii wanafanya hivyo, ila mimi nilijisifu kuwa nilianza kabla yao.

Jovitus akapeleka mkono kwenye ufunguo. Mkono wa Nyandwi ulikuwa umeshafika. Aliufunika ufunguo kwa kiganja, kama mtu anavyofunika kifaranga.

"Kaka, acha iwake."

"Nyandwi," nikasema, "gari hili ni la nani?"

"Lako, Mama."

"Na aliyesema zima ni nani?"

"Wewe, Mama."

"Basi?"

"Basi acha iwake. Dakika tatu, hapa hapa. Halafu tushuke na gia."

Nilimtazama Jovitus. Alikuwa anatazama mbele kama mtu aliyeona nyoka barabarani.

"Jovitus. Unajua nini?"

"Mama, tushuke kwanza..."

"Hatushuki. Sema."

Akarudisha mkono kwenye usukani. "Nyandwi aliniambia siku alipofunga ile ya pili. Aliniambia nisizime tena juu ya mlima. Nikamwambia kanuni ni ya Mama."

"Na kwa nini hukuniambia?"

"Mama, wewe ukishasema..." Akainua mabega. Hakumaliza, na hakuhitaji kumaliza.

Injini ilikuwa inanong'ona. Nikamgeukia Nyandwi. "Nieleze. Nimesoma, nitaelewa."

Alieleza akitazama magoti yake. "Hapa juu tabo ni nyekundu, imetoka kwenye kazi. Ukizima, pampu ya oili inasimama. Ile oili iliyobaki ndani ya tabo na kwenye paipu haina pa kwenda, inakaangwa palepale, kama mafuta uliyoyasahau kikaangoni. Leo inaacha utando. Kesho mwingine. Mlima baada ya mlima, mwaka baada ya mwaka. Ukiiacha iwake kidogo, oili inapita, inapoza chuma, ndipo unazima salama."

"Kwa hiyo yale makaa..."

"Yametoka milimani, Mama."

"Tabo ya kwanza niliiua mimi."

Alifuta vumbi la dashibodi kwa kiganja.

"Na Jumapili nilipokusema mbele ya watu ulijua. Na jana uliposema kosa ni lako ulijua."

"La kutokata paipu ni langu kweli. Hilo sikudanganya."

"Na lililobaki?"

"Ningelisemaje? Kwamba mwenye kiwanja ndiye kaua tabo? Wangekucheka wewe, halafu wangenicheka mimi kwa kujificha nyuma ya bibi kizee."

"Bibi kizee ni nani?"

Jovitus akakohoa. Nyandwi akatabasamu kwa mara ya kwanza wiki ile, kidogo, akaficha. "Dakika tatu zimeisha, kaka. Weka gia ya pili."

Tukashuka. Mpaka Kasulo injini haikuzimwa.

Kwetu, mtu akimkosea mwenzake hapeleki maneno matupu. Anapeleka pombe, anaonja yeye kwanza mbele ya aliyemkosea, ndipo anasema. Kesho yake, Jumamosi, nilichukua dumu la urwagwa, pombe ya ndizi niliyoipika kwa ajili ya mavuno, nikavuka nalo barabara mwenyewe. Jovitus alitaka kunibebea nikamkataza.

Nilimkuta Nyandwi na Selestina wanafunga mizigo. Jiriwa ilikuwa imeshang'olewa kwenye meza yake. Masanduku ya spana yamefungwa kamba, turubai limekunjwa, na trekta la kukodi lilikuwa limeegeshwa tayari na tela lake. Kuna mtu Nyakanazi, kule Biharamulo, alikuwa amemwambia aje, kwenye njia panda hakukosekani gari bovu. Ansbert na wengine watano sita walikuwepo, wamekuja kuangalia mtu anavyohama, kama watu walivyo.

Nikamimina kikombe, nikanywa, nikampa Nyandwi. Akapokea kwa mikono miwili.

"Sikieni," nikasema. "Nilisema mbele yenu, nasema tena mbele yenu. Tabo ya kwanza niliiua mimi. Ya pili tumesaidiana."

"Uliiua kwa mikono gani, Mama Jovitus?" Ansbert akauliza.

"Kwa mdomo. Nilikuwa nasema zima juu ya mlima. Na wewe mwenye Fuso, unayezima juu ya mlima kila siku, kacheke mbele ya tabo yako."

Ansbert alitazama Fuso yake.

"Nyandwi, nimekukosea," nikamalizia. "Kaa kwenye kiwanja chako."

Alimaliza kikombe chote, taratibu, hakuacha hata tone, ili nione amepokea. Akakirudisha.

"Mama, nimekubali. Moyoni mwangu hamna kitu. Lakini vyuma sivishushi."

Nilidhani sikusikia vizuri. "Unasemaje?"

"Neno lililoniweka hapa lilikuwa lako. Lililonitoa ni lako. Na hili la leo ni lako. Nayaheshimu yote matatu. Ila mimi nina watoto wanne wanasoma shule ya hapa, na mke wangu ana shamba la mihogo ambalo halijakomaa. Siwezi tena kukaa juu ya neno." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Nataka karatasi, Mama. Ya kijiji, yenye muhuri. Bila hiyo nitaenda Nyakanazi, na bado nitakuamkia."

Selestina aliangalia chini. Mimi damu ilinipanda kichwani. Karatasi! Kutoka kwangu! Niliacha dumu pale pale nikavuka barabara bila kutazama, lori likanipigia honi ya kunilaza kaburini.

Nilizunguka migombani mpaka jua likaanza kuinama. Nilikata majani makavu yasiyohitaji kukatwa. Nilijiambia, aende. Nikajiambia, Generoza alishika jembe langu bila karatasi. Halafu nikajiuliza kama Generoza angeweza kunifukuza mimi kwa neno moja baada ya ibada. Asingeweza. Mwenye kuweza nilikuwa mimi peke yangu, siku zote hizo, na nilipoweza, niliweza. Ningekuwa Nyandwi, ningetaka karatasi mbili.

Jovitus alikuja akanikuta.

"Wewe ndiye utakayebaki na ardhi hii," nikamwambia. "Unasemaje?"

"Mpe, Mama. Mimi nilijua nikanyamaza, akafukuzwa. Nikimtazama naona aibu."

"Basi nenda kamwambie mwenye trekta asubiri mpaka Jumatatu."

Jumapili nilisali nikiwa nimesimama nyuma, sikuweza kukaa kwenye benchi. Jumatatu saa mbili tulikuwa ofisi ya mtendaji wa kijiji, kijana wa juzi, shati limepigwa pasi. Tulikuwa mimi, Jovitus, Nyandwi, na Ansbert aliyejileta kuwa shahidi, akasema mambo makubwa hayaendi bila yeye. Mtendaji akaandika: kiwanja hatua ishirini kwa thelathini, ng'ambo ya barabara, kwa kazi ya gereji, miaka thelathini. Akasoma kwa sauti. Akasukuma kijiboksi cha wino kuelekea kwangu.

"Mama, weka dole gumba hapa."

"Nipe kalamu," nikasema.

"Samahani, Mama."

Nikaishika kalamu. Ndipo Nyandwi akainua mkono kidogo, kama mwanafunzi.

"Mtendaji, ongeza kitu kimoja. Andika, na watoto wake. Nikifa mimi kabla ya hiyo miaka, wasitolewe."

Jovitus alinitazama. Miaka thelathini kwa Nyandwi nilikuwa nimeimeza, lakini kuandika watoto wake maana yake watoto wa watoto wangu ndio watakaokuta karatasi hii nikiwa udongo, wasinijue, waniulize kaburini kwa nini. Kalamu ilikuwa hewani. Nilisikia pikapu nje, Jovitus alikuwa ameiacha inawaka, inapoa.

"Andika," nikasema. "Andika na watoto wake, wote wanne, kwa majina."

Nyandwi akayataja moja moja, mtendaji akayaandika. Nikaandika jina langu, Restituta Laurian, kwa mwandiko wa darasa la saba, herufi zimeungana, hazigusi mstari wa juu. Ansbert akaandika lake baada ya kuuliza mara mbili ni wapi. Muhuri ukapigwa.

Nje, Nyandwi aliikunja karatasi mara nne akaiweka mfuko wa shati, akafunga kishikizo. Hakuniambia asante, na ningekasirika kama angeniambia. Alisogelea pikapu, akainamisha kichwa akasikiliza.

"Jumatano ilete nibadilishe oili," akamwambia Jovitus. "Ile iliyomo imeshabeba uchafu wa zamani." Kisha akaniangalia. "Shikamoo, Mama. Nina jiriwa ya kurudisha mezani."

"Marahaba," nikasema. "Ikaze isitikisike."

Akatangulia kwa miguu, anatembea haraka.